Kulitunza gari dogo la Kijapani mwenyewe: oili, maji, taa na mengineyo

Miaka michache iliyopita nilipeleka IST yangu gereji kumwaga oili, na fundi akaniuliza swali moja tu: "Ya bei gani, bosi?" Nikataja bei. Sikuuliza ni oili gani, hakunionesha chupa, na mimi sikutazama. Miezi mitatu baadaye nilichomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu kabisa. Injini ilinusurika, lakini tangu siku hiyo kila kinachoingia kwenye gari langu nakijua kwa jina na nakipima mwenyewe. Bado nina fundi, na ninamheshimu. Kazi ya kumpelekea ninaijua kabla sijafika kwake.

Mfano wangu hapa ni Toyota IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1500. Injini hiyo hiyo imo kwenye Vitz, Raum, Probox, Platz na Fielder nyingi, kwa hiyo wengi wenye magari madogo ya Toyota watajiona humu. Mwenye gari jingine afuate hatua zilezile, ila vipimo avitoe kwenye kitabu cha gari lake.

Kwanza ujue una gari gani. Fungua boneti, tafuta kibati kilichobandikwa kwenye bodi nyuma ya injini, usome namba ya modeli. IST ya cc 1300 ni NCP60, ya cc 1500 ni NCP61, na ya cc 1500 inayovuta magurudumu yote manne ni NCP65. Ukikuta NCP110, hiyo ni IST ya pili iliyoanza 2007, na gia boksi yake ni ya aina tofauti. Andika namba hiyo kwenye simu yako. Dukani ukisema "spea ya IST" utapewa chochote. Ukisema "NCP61" muuzaji atainuka kwenda kutafuta.

Dakika kumi za Jumamosi

Fanya ukaguzi huu asubuhi, kabla hujawasha gari, likiwa mahali tambarare.

Chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Usomaji wa kwanza hauna maana, maana oili imetapakaa kwenye mrija. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Rangi nyeusi isikutishe, kwa sababu oili inayofanya kazi huosha masizi na hivyo lazima ichafuke. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imekufa. Ukiiona, usiwashe gari, mwite fundi.

Halafu tazama chupa ya akiba ya maji ya rejeta na kikopo cha mafuta ya breki. Vyote viwili vina alama za juu na chini, na vinasomeka bila kufunguliwa. Chungulia chini ya gari. Tone la maji masafi linaweza kuwa la AC tu, lakini tone la oili au la maji yenye rangi linataka kufuatiliwa. Malizia kwa kuzunguka gari ukitazama matairi na kujaribu taa zote.

Kuisoma chupa ya oili

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye chupa kuna namba kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Hizo zinaeleza uzito wa oili, yaani inavyotiririka. Herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi: namba iliyo mbele yake inaonesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili inavyowahi kupanda juu ya injini asubuhi. Namba ya pili inapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, yaani karibu na joto lake injini inapofanya kazi.

Wauzaji wengi watakwambia Dar es Salaam kuna joto, hivyo oili nzito ya 20W-50 ndiyo inayofaa. Hoja hiyo inavutia lakini ina kasoro. Injini ikishapata moto vizuri, thamostati (kilango kinachoongoza maji ya kupoza injini) hushikilia joto lake karibu palepale, uwe Tanga au uwe Makambako asubuhi ya Julai. Joto la nje linabadilisha kidogo sana kile ambacho oili inakutana nacho ndani. Injini ya 1NZ-FE ilitengenezwa na njia nyembamba za oili, na ina cheni ya taimingi pamoja na mfumo wa VVT-i unaotegemea presha ya oili ili kubadilisha muda wa valvu. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika huko na hula petroli zaidi. Kwa injini hii ikiwa bado nzima, weka 5W-30. Ukikosa, 10W-30 inafaa. Kama injini imechoka na inakula oili, 10W-40 ni nafuu ya busara. Ningeiacha 20W-50 kwa injini za zamani zilizotengenezewa oili hiyo.

Kitu cha pili cha kusoma ni daraja la API, yaani la ubora wa oili. Geuza chupa, nyuma utaona duara lenye herufi. Daraja linaloanza na S ni la injini za petroli, na linaloanza na C ni la dizeli. Kwenye upande wa petroli, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SN ilianza 2010, SP ikaja 2020. Kwa IST chukua SN au SP. Oili iliyoandikwa SF au SG ni ya viwango vya miaka ya 1980, na bado ipo madukani kwa sababu ni rahisi. Dizeli kama Hilux au Prado inataka daraja la C, mfano CI-4. Oili yenye alama ya JASO MA ni ya pikipiki. Imetengenezwa kwa ajili ya klachi inayoogelea kwenye oili, kwa hiyo waachie wa bodaboda.

Sintetiki au ya kawaida? Sintetiki hustahimili joto na foleni kwa muda mrefu zaidi. Lakini oili ya kawaida yenye daraja sahihi, ikibadilishwa kwa wakati, itakuweka injini salama kuliko sintetiki iliyoachwa hadi ikageuka lami. Kwa foleni za mjini na vumbi letu, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 nikitumia ya kawaida, na 7,500 nikitumia sintetiki; zikipita miezi sita kilomita hazijatimia, nabadilisha pia.

Kuhusu oili feki: nunua kwa wakala anayejulikana, kagua kwamba kizibo hakijawahi kukatwa na kwamba chini yake kuna karatasi ya kuziba, na omba risiti. Ukishaitumia, toboa chupa tupu kabla ya kuitupa. Chupa nzima yenye lebo nzuri ina soko lake, na inaweza kurudi dukani ikiwa na oili chafu iliyochujwa.

Kumwaga oili hatua kwa hatua

Utahitaji lita 4 za oili, filta mpya, washa mpya (pete ya kuzibia) ya nati ya kumwagia, spana namba 14, beseni, faneli, jeki na stendi mbili.

Neno moja kabla ya kuanza: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza na kulegea bila kuaga. Weka stendi, weka magogo kwenye magurudumu ya nyuma, vuta handibreki, kisha lisukume gari kwa mkono uone kama limetulia. Kama huna stendi, nenda gereji yenye shimo.

1. Washa injini dakika tatu hadi tano ili oili ipate uvuguvugu, kisha zima. Isiwe ya moto sana, inaunguza.
2. Fungua kizibo cha juu cha injini ili hewa iingie na oili ishuke vizuri.
3. Weka beseni chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Legeza nati kwa spana, kisha malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, halafu iondoe haraka. Acha imwagike mpaka ibaki matone.
4. Futa nati, iwekee washa mpya, uirudishe kwa vidole kwanza. Ikigoma, usilazimishe, itoe uanze upya, maana nyuzi za sampo ni laini na zikiharibika ni gharama. Ikishagusa, ikaze kwa nguvu ya mkono mmoja tu. Kiwandani kipimo ni kama Nyutoni mita 37, si nguvu ya nati za tairi.
5. Fungua filta ya zamani. Hakikisha mpira wake haukubaki umenata kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikikaa pamoja oili yote itamwagika barabarani. Paka oili mpira wa filta mpya, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.
6. Mimina lita 3.4 kwanza. Injini hii hubeba takriban lita 3.7 filta ikibadilishwa.
7. Washa injini nusu dakika. Taa nyekundu ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Chungulia chini kama kuna mahali panavuja, zima, shusha gari likae tambarare, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, na ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu.

Usijaze kupita alama. Oili ikizidi, krenkishafti (mhimili unaozunguka chini ya injini) huichapa ikawa povu, na povu halilainishi vyuma.

Oili chafu ni sumu kwa ngozi na kwa ardhi. Najua wengi huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa, na wengine huimwaga uani ili kutuliza vumbi. Tafadhali usifanye hivyo karibu na kisima au bustani ya mchicha. Irudishe kwenye dumu, uipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia, wapo wanaoinunua.

Maji ya rejeta, na kosa la kutoa thamostati

Injini yako ikichemsha, kuna fundi atakayekwambia dawa ni kuitoa thamostati. Kataa kwa upole. Thamostati ya 1NZ-FE huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikitolewa, maji huzunguka muda wote, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada ikidhani ni asubuhi, na unyevu unabaki kwenye oili. Chanzo cha kuchemsha kinakuwa bado kipo pale pale: feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba, kizibo kilichochoka, pampu, au uvujaji. Kama thamostati ndiyo mbovu, wekewa mpya.

Weka kulanti, usiishie kwenye maji ya bomba. Maji ya bomba huacha chumvi na kutu kwenye njia nyembamba za rejeta. Kulanti huzuia kutu hiyo na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ukinunua iliyokolezwa, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri lakini si asidi. Iliyoandikwa tayari kwa matumizi usiizimue tena.

Kizibo cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya kufika mazishini. Mle ndani maji yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100 na yamezuiwa na presha. Ukikilegeza yanaruka usoni. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Taa

Indiketa ikianza kupepesa haraka kuliko kawaida, gari linakwambia balbu moja ya upande huo imeungua. Taa za breki hazina mjumbe kama huyo. Usiku rudi nyuma mpaka karibu na ukuta, kanyaga breki, na utazame mwanga kwenye kioo: kushoto, kulia, na ile ya juu.

Balbu ikizimika, anza na fyuzi. Fyuzi nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya njano 20, ya kijani 30. Iliyoungua badilisha na ya rangi hiyo hiyo. Anayeweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi anageuza nyaya zote za gari kuwa fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, kagua soketi na waya wa ethi. Unyevu wa pwani hujaza soketi kutu ya kijani, na kuikwangua kidogo kwa msasa mara nyingi hurudisha taa.

Taa kubwa za magari madogo mengi ya aina hii ni za balbu ya H4, yenye nyuzi mbili ndani: wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Kuibadilisha ni hivi. Zima taa na injini, subiri ipoe. Nyuma ya taa, chomoa plagi yenye miguu mitatu kwa kushika plagi yenyewe, usivute nyaya. Vua kifuniko cha mpira. Utaona waya mwembamba unaobana balbu. Usukume mbele kidogo na pembeni, utafunguka. Toa balbu ya zamani ukikumbuka ilivyokaa.

Balbu mpya ishike kwenye chuma tu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine na balbu hufa mapema. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti na iache ikauke. Balbu ina masikio matatu na huingia kwa namna moja tu, ile yenye sikio pana juu. Ikikaa bila kucheza, bana waya, rudisha mpira, na hakikisha umekaa pande zote, maana mvua ikiingia kioo kitapata ukungu. Rudisha plagi, washa. Badilisha zote mbili pamoja. Zimefanya kazi sawa, na ya pili haiko mbali.

Usinunue za wati 100 kwa 90. Wati 60 kwenye volti 12 zinavuta ampea 5, wati 100 zinavuta zaidi ya 8, na nyaya hazikutengenezewa hivyo: soketi itayeyuka. Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa za H4 nazo sizipendi. Kioo cha ndani kilipimwa kwa uzi mdogo uliokaa mahali maalumu. Chanzo kikibadilika umbo, mwanga unasambaa hovyo na kumpofusha anayekuja. Aliyewahi kukutana na taa hizo usiku baada ya Chalinze ananielewa. Kwa taa ndogo za ndani na za namba ya gari, LED haina tatizo.

Ukiona balbu imeandikwa D2 au D4, hiyo ni xenoni. Huwaka kwa maelfu ya volti. Mwachie fundi umeme.

Baada ya kubadilisha, pima mwelekeo. Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama palipo katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 5 na uwashe dimu. Mstari wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 5 chini ya alama, na uinuke upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Japani wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo taa zao zinatufaa. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia. Huko taa ya Kijapani isiyobadilishwa huinua mwanga kwenye macho ya anayekuja, na inabidi kutafuta taa zilizotengenezwa kwa upande wao.

Breki, gia na matairi

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 205, yakinyonya maji hushuka hadi 140. Mjini hutaona tofauti. Utaiona ukiwa unashuka mlima Kitonga kutoka Iringa nyuma ya lori, pedali ikizama hadi chini. Badilisha kila miaka miwili, na ushuke mlima kwa gia ndogo.

Gia boksi ya IST ya kwanza hutumia mafuta ya otomatiki ya aina ya T-IV. Ile ya pili ya NCP110 ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na inataka mafuta ya CVT pekee. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yakiingia kwenye CVT, mkanda wake wa chuma huteleza na gia boksi nzima huenda. Usikubali maneno ya "zote ni otomatiki".

Upepo wa matairi umeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI: 220 ni kama 32. Pima tairi likiwa baridi. Umri wake uko ubavuni, mwishoni mwa namba zinazoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na ukikuta neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji lililokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya moto huisha haraka na kushika vibaya. Libadilishe hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Filta ya hewa igonge vumbi kila ukimwaga oili, na upulizie upepo kutoka upande wa ndani kwenda nje. Ikiwa ya karatasi, usiioshe.

Daftari langu lina safu nne: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na jina kamili la kilichoingia. Mstari wa mwisho unasema "5W-30 SP, lita 3.7, filta mpya, washa mpya", na chini yake nimeandika kwa penseli kilomita za zamu ijayo.